Asili na Maana ya Neno "Jitihada"

Neno jitihada ni katika maneno mengi ambayo Kiswahili kimeyapokea kutoka Kiarabu. Asili yake ni herufi tatu, jim, ha na dal, zenye maana ya nguvu na taabu. Katika shina hilo yametoka juhudi, jihadi na ijtihadi. Waswahili waliiacha ile "i" ya mbele, wakalimalizia neno kwa "a" ili liwe jepesi ulimini. Ndipo likawa jitihada, na kitendo chake kujitahidi.

Lakini jitihada si nguvu tu. Kwa wanazuoni wa sheria, ni mtu kutoa uwezo wake wote katika kuitafuta haki kwa dalili, pasipo kukisia. Imamu Shafi, aliyefariki Misri mwaka 204 Hijria (820), aliieleza katika kitabu chake Risala kwa mfano wa kibla. Aliye mbele ya Kaaba huiona kwa macho yake. Aliye mbali hana budi kuzitazama nyota, jua na milima, kisha aelekee zinakomwongoza. Hana ruhusa ya kuelekea apendako.

Mfano huo ulidhihiri Buganda. Kabaka Mutesa wa Kwanza alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867, akasimamisha sala katika ikulu yake. Baadaye walifika Waislamu kutoka upande wa Misri na Sudani, wakabainisha kwamba msikiti wa ikulu haukuelekea kibla, na kwamba haifai kusali nyuma ya imamu asiyetahiriwa. Vijana wa ikulu walioyashika mafunzo hayo walikataa kusali nyuma ya Kabaka. Mwaka 1876 wengi wao walichomwa moto huko Namugongo.

Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba hakimu akijitahidi akapata, ana ujira mara mbili, akijitahidi akakosa, ana ujira mmoja. Basi aliyekosea kibla baada ya kutafuta kwa uangalifu halaumiwi. Lakini dalili ikisha kubainika, jitihada ni kugeuka na kuifuata, ijapokuwa ni kwa taabu. Vijana wale waligeuka.

Kwa hiyo mzazi amwambiapo mwanawe "jitahidi", hamwamuru kufanya haraka wala kupiga kelele. Humtaka atazame vyema, ashike njia, na akionyeshwa kosa lake asione haya kurejea.