Lenzi ndefu na manowari ya Rufiji

Haya wadau, boom limetoka na swali la wiki ni moja tu. Pentacon Six yangu (kamera ya filamu ya 120, zile za Dresden) inahitaji lenzi ya kuvuta mbali, na hela inatosha moja. Nichukue Sonnar ya milimita 180 au ya 300? Likizo nashuka Kibiti, kisha Nyamisati, niingie delta kwa mtumbwi kupiga picha za wakata mikoko na wakulima wa mpunga. Kabla hamjanicheka, twendeni 1915, maana delta hiyohiyo ilishawatesa watu kwa swali la namna hii.

Septemba 20, 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliishambulia na kuizamisha HMS Pegasus ya Waingereza pale bandarini Zanzibar. Injini ikasumbua, ikarudi kujificha ndani ya delta ya Rufiji. Mwisho wa Oktoba Waingereza wakajua ilipo, wakaziba midomo ya mto. Shida ni kwamba meli zao kubwa hazikuweza kuifuata kwenye maji yale mafupi, mikoko imeifunika, na wenyewe wameivisha matawi. Dawa ikawa ndege.

Hapo joto letu la pwani likafanya kazi yake. Ndege za mwanzo gundi iliachia. Aprili 1915 zikaja ndege za majini aina ya Short, nazo zikagoma kupanda juu. Aprili 25 rubani John Cull akapita juu ya Königsberg ikapigwa picha kutoka chini ya futi 1,000, huku risasi zikirushwa kutoka chini. Yaani picha ile ilipatikana kwa kusogea, tena kwa roho mkononi.

Sasa hesabu, msikimbie. Chukua urefu wa kitu, gawanya kwa umbali, zidisha kwa milimita za lenzi. Königsberg ilikuwa na mita 115. Tuseme uko mita 200 na lenzi ya kawaida ya 80: meli inajaza milimita 46 kwenye filamu yenye upana wa 56. Safi kabisa. Rudi nyuma hadi mita 800, inabaki milimita 11 na nusu. Lenzi ya 180 inakupa 26, ya 300 inakupa 43. Kwa hiyo lenzi ndefu inakununulia umbali. Ila haitoboi jani la mkoko, na mvuke wa saa sita mchana inaukuza pia.

Julai 6 na 11, 1915, Severn na Mersey, manowari zinazoweza kuelea kwenye maji mafupi, ziliingia mtoni na kupiga, ndege zikiwaelekeza makombora yanaangukia wapi. Julai 11 Cull na mwenzake Arnold wakaangushwa, wakapona. Königsberg ikaishia hapo. Mizinga yake 10 ikaokolewa na kuendelea na vita nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.

Lakini jiulizeni, ile mizinga ilivutwa na nani? Wapagazi na askari Waafrika. Na kwenye delta ile kulikuwa na Warufiji wenye mashamba na mitumbwi yao. Vitabu vinataja majina ya marubani mpaka aina ya ndege, wenyeji wamebaki kama nyasi chini ya picha. Ndo hatari ya kuangalia kwa mbali: unapata chuma, unakosa watu.

Basi nimeamua: 180. Inavuta zaidi ya mara mbili ya ile ya 80, na inafungua mpaka f/2.8, kwa hiyo hata asubuhi kwenye kivuli cha mikoko napata 1/250. Ya 300 inaishia f/4, ni nzito kama tofali, na stendi ya miguu mitatu ndani ya mtumbwi unaoyumba ni mapambo tu. Zaidi ya yote, ukiwa na 180 bado unasikia mtu akikuitikia salamu, na unaweza kumwuliza jina lake ukaliandika.

Filamu moja ni picha 12 tu. Nataka kila moja iwe na jina la mtu. Mwenye hoja ya kutetea 300 anitafute kafeteria, chai ananunua yeye.