Kabla ya Kuchimba Visima, Tusome Historia ya Ziwa

Wandugu, tuseme mtu amekuita: "Agronome, hapa zamani palikuwa stasio ya esansi. Tunataka kujenga. Hebu angalia kama maji ya chini ni mazuri." Utaanzia wapi? Wengi tungejibu haraka: tuchimbe visima vitatu vya uchunguzi, tupeleke maji labo. Jibu si baya. Ila kwetu Uvira halitoshi, na sababu iko kwenye historia.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1856 injinia Mfaransa Henry Darcy, aliyeleta maji katika mji wa Dijon, alionyesha jinsi maji yanavyopita ndani ya mchanga: mwendo wake unafuata mteremko wa maji na aina ya udongo. Ndiyo maana visima ni vitatu kwenda juu, na visikae kwenye mstari mmoja, ili tujue maji yanaelekea wapi. Kimoja kinakaa upande yanakotoka, kabla ya matangi. Vingine upande yanakoenda. Na juu ya esansi kuelea, ile sehemu ya bomba yenye matundu lazima ivuke usawa wa maji, juu na chini yake.

Sasa usawa huo ni upi? Kando ya ziwa, maji ya chini yanafuata ziwa, na Tanganyika haijatulia hata siku moja. Mwaka 1874 Cameron alifika Lukuga na kusema ndiyo mlango wa ziwa. Mwaka 1876 Stanley akaukuta umezibwa kwa mchanga na mafunjo. Ziwa likazidi kupanda, mpaka kizuizi kikavunjika. Mwaka 1879 Hore akakuta maji yanatoka kwa nguvu. Katika miaka isiyofika 20 ziwa likashuka karibu mita 10! Likapanda tena kwa kishindo miaka ya 1960. Na sisi wenyewe tumeona 2021 na 2024, maji yakiingia majumbani huku kwetu na ng'ambo Gatumba.

Fikiria basi: umechimba wakati ziwa liko chini, ukaweka matundu mafupi. Ziwa likipanda mita mbili, esansi inapanda nayo, inabaki nje ya bomba zima lisilo na tundu. Labo inasema "safi". Watu wanajenga, wanachimba kisima cha nyumbani, watoto wanakunywa. Tena mteremko unaweza kubadilika, na kisima ulichokiita "cha juu" kisiwe cha juu tena.

Historia ya stasio nayo ina neno. Afrika kusini ya Sahara iliachana na esansi yenye risasi mwanzoni mwa 2006, baada ya azimio la Dakar la 2001. Kama pale waliuza kabla ya hapo, usipime benzini peke yake (OMS inaruhusu mikrogramu 10 tu kwa lita). Pima na risasi.

Mwaka 2010 Sange, lori la esansi lililipuka na kuua watu zaidi ya 200. Ule moto dunia nzima iliuona. Mvujo wa chini hauna moshi. Kule Thange, Kenya, bomba la mafuta lilivuja mwaka 2015, wanakijiji wakapoteza maji ya mto na ya visima, na kesi ikachukua miaka.

Kwa hiyo, vijana wenzangu, kabla ya kuita wachimbaji tuulize wazee maji ya miaka ya 1960 yalifika avenyu gani. Tuweke matundu marefu, yatoshe ziwa likipanda na likishuka. Tupime usawa wa visima na wa ziwa siku ile ile, kila mwezi, masika na kiangazi. Karatasi moja ya labo inaeleza siku moja tu, na nyumba inajengwa kwa miaka hamsini.