Kuchomwa

Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi anayetoka Bumula kwenda Eldoret kutibiwa kwa miale huambiwa na majirani kwamba anaenda "kuchomwa". Neno hilo linapotosha. Moto huunguza papo hapo, ilhali miale haisikiki mwilini, na mgonjwa huinuka mezani bila maumivu. Kinachoumia zaidi ndani ya utumbo ni seli shina, zilizo chini kabisa ndani ya vishimo vidogo vya utando wake. Hizo hugawanyika mfululizo na kuufanya utando upya kila siku 4 au 5. Miale hukata DNA ya seli hizo, nyingi zikafa. Seli za juu huendelea kubambuka kama kawaida, ila hazina warithi. Ndiyo maana kuhara huja baadaye, mara nyingi wiki ya 2 au ya 3, mgonjwa akadhani ni chakula.

Utasema ngozi nayo hubabuka kama iliyoungua. Kweli, lakini hata hapo kiini ni seli za kuijenga upya zilizopungua. Utasema pia neno "kuchomwa" ni rahisi kueleweka. Lakini linaweza kumtisha mama akakatiza matibabu, wala halimwambii kwamba seli shina zilizosalia kwa kawaida huurudisha utando vipindi vya matibabu vikiisha. Tuseme "kupigwa miale", na habari ya kuhara aelezwe kabla ya kipindi cha kwanza.