Majarida ya kitapeli yanavyowanasa watafiti walio mbali na vyuo
Na Mwandishi Wetu, Bariadi

BARUA pepe hufika ikimwita mpokeaji "Profesa Mheshimiwa", hata kama ndiyo kwanza amemaliza shahada ya uzamili. Inaisifu kazi yake bila kuitaja kazi yenyewe, inamwomba atume makala ndani ya siku chache, na inaahidi kuichapisha kabla ya mwezi kwisha katika jarida la "kimataifa". Kwa mtumishi wa afya, mwalimu au ofisa ugani aliyeko Bariadi, mbali na maktaba ya chuo na mbali na msimamizi wake wa masomo, barua ya namna hiyo huweza kuonekana kama bahati iliyokuwa imechelewa.

Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na ambao makao makuu yake ni Bariadi, una watu zaidi ya milioni 2 kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022. Ni mkoa wa pamba, mifugo na ukame, unaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na kwa sababu hiyo haujapata kupungukiwa na maswali yanayohitaji utafiti. Miongoni mwa wanaoyatafutia majibu wamo watumishi wanaosoma shahada za juu huku wakiendelea na kazi, wengine katika vyuo vya Mwanza na Dodoma, wengine kwa masafa kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Hao ndio wanaowindwa.

Katika jarida halali, makala haichapishwi kwa sababu tu mwandishi ameileta. Mhariri huipeleka kwa wataalamu wawili au zaidi wa fani ileile, nao huikosoa, humtaka mwandishi arekebishe, au huishauri bodi iikatae. Kazi hiyo huchukua miezi, wakati mwingine hata mwaka. Jarida la kitapeli hujidai kufanya hayo yote na halifanyi. Lenyewe hupokea fedha na kuchapa.

Ada si dalili ya utapeli. Majarida mengi yenye heshima hutoza ada ili makala zake zisomwe bure na kila mtu, na baadhi ya wachapishaji wakubwa huipunguza au kuifuta kabisa kwa waandishi wa nchi maskini wanaoomba msamaha huo. Tofauti ni kwamba jarida la kweli hutangaza ada yake mapema, na kulipa hakumhakikishii mwandishi kukubaliwa.

Aliyeyapa majarida hayo jina la "wawindaji" ni aliyekuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver, Marekani, Jeffrey Beall, ambaye kuanzia karibu mwaka 2010 alikuwa akitunza orodha ya wachapishaji aliowatilia shaka. Orodha hiyo aliiondoa Januari 2017. Nakala zake bado zinazunguka katika intaneti, lakini mtafiti asiitegemee peke yake, kwa kuwa majarida mapya huzaliwa kila siku na ya zamani hubadili majina.

Ushahidi uliowashtua wengi ulitolewa Oktoba 2013 na mwandishi John Bohannon katika jarida la Science. Alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, akaijaza makosa ambayo mkaguzi makini angeyaona mara moja, kisha akaituma kwa majarida 304. Mwandishi wa bandia alipewa jina la kubuni lenye sura ya Kiafrika pamoja na taasisi ya kubuni mjini Asmara, Eritrea. Majarida 157 yaliikubali na 98 yaliikataa. Kwamba mtego huo ulivishwa joho la Afrika Mashariki ni jambo la kutafakari, maana huku ndiko wateja wengi wa biashara hiyo wanakotafutwa. Utafiti wa Cenyu Shen na Bo-Christer Björk uliotolewa mwaka 2015 ulionesha kuwa takriban robo tatu ya waandishi katika majarida hayo walitoka Asia na Afrika. Ada ya wastani ilikuwa dola 178 kwa makala, sawa na zaidi ya Sh400,000 kwa viwango vya sasa.

Mashitaka makubwa yaliyofika mwisho ni yale ya Tume ya Biashara ya Marekani dhidi ya kampuni ya OMICS yenye makao yake Hyderabad, India. Tume hiyo ilifungua kesi mwaka 2016 ikidai kuwa kampuni ilificha ada hadi makala ilipokwisha kukubaliwa, iliwataja wanasayansi kuwa wahariri bila ridhaa yao, na ilitangaza makongamano kwa majina ya wazungumzaji ambao hawakuwa wamekubali kushiriki. Machi 2019 mahakama ya shirikisho huko Nevada iliamuru walipe zaidi ya dola milioni 50.

Fedha, hata hivyo, ndiyo hasara ndogo. Tuseme muuguzi amezunguka nyumba hadi nyumba katika vijiji vya Meatu au Itilima akiuliza kina mama walijifungulia wapi. Takwimu zake zikiishia katika jarida la kitapeli, hatazipeleka kwingine, kwa kuwa majarida ya kweli hayapokei makala iliyokwisha kuchapishwa. Wanaokusanya matokeo ya tafiti kwa ajili ya kuandaa miongozo ya tiba hutafuta katika hifadhi zinazoaminika, na huko haimo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 na Björk na wenzake ulichukua makala 250 za majarida hayo na kukuta kuwa zaidi ya nusu hazikuwa zimenukuliwa na mtu yeyote katika miaka 5. Kina mama wale walitoa muda wao na siri zao bure.

Makongamano yana hila zake. Mara nyingi mkutano mmoja huchanganya kilimo, sheria, uhandisi na udaktari, hufanyika katika hoteli ya mji wa kitalii, na ikisiri hukubaliwa siku ileile inayotumwa. Mwaka 2005 wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, walituma kwenye kongamano moja la huko Florida makala iliyotungwa na programu ya kompyuta, maneno matupu yasiyo na maana, nayo ikakubaliwa. Anayealikwa aanze kwa kuuliza mkutano wa mwaka uliopita ulifanyikia wapi na nani aliuhudhuria, kisha awaandikie wazungumzaji wanaotajwa kwa anwani za vyuo vyao. Malipo yakitakiwa yaingie katika akaunti ya mtu binafsi, safari iishie hapo.

Kwa majarida, hatua ya kwanza ni kusoma makala zake tatu au nne. Makala mbovu hazifichiki. Baada ya hapo jarida litafutwe katika orodha ya DOAJ, iliyoanzishwa Sweden mwaka 2003 kwa ajili ya majarida yanayosomwa bure, au katika AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998 na yenye makao Afrika Kusini. Kuwa na namba ya ISSN hakuthibitishi lolote kuhusu ubora, kwani namba hiyo hulitambulisha jarida tu. Tena wapo wezi wanaonakili jina na namba ya jarida halali na kufungua tovuti nyingine, hivyo anwani ya tovuti ichukuliwe kutoka katika orodha hizo, si kutoka katika barua pepe.

Itakuwa dhuluma, kwa upande mwingine, kulihukumu jarida kwa umaskini wa tovuti yake. Yapo majarida ya vyuo vya Afrika yanayochelewa kutoka na yenye kurasa zisizopendeza, ambayo wahariri wake hufanya kazi kwa uaminifu na kwa kujitolea. Na si kila anayechapisha kwa matapeli amedanganywa. Pale ambapo kupandishwa cheo hutegemea alama za makala, wapo wanaonunua wakijua wanachonunua.

Aliyekwisha kutuma na kushtuka baadaye aandike mara moja kuiondoa makala, asitie saini hati ya kukabidhi hakimiliki, na asilipe kile kinachoitwa ada ya kujitoa. Barua zote azihifadhi na kumwonesha msimamizi wake au mkutubi wa chuo kabla ya kuipeleka makala kwingine, ili mhariri atakayefuata aelezwe ukweli tangu mwanzo.