BATA BUKINI (katika utamaduni wa Hungaria)

Bata bukini, ndege afugwaye kwa nyama, manyoya na ini lake katika vijiji vya nchi tambarare ya Hungaria, huhesabiwa na wenyeji kuwa mpumbavu, hata mwanamke akidharauliwa akili yake huitwa kwa jina la ndege huyo. Walakini bukini ndiye aliyekuwa alama ya mtu asiye na nafasi mlangoni pa wenye amri.

Alama hiyo ilienea kwa Lúdas Matyi, hikaya ya tungo aliyoiandika mwaka 1804 Mihály Fazekas (1766–1828) wa Debrecen, askari mpanda farasi aliyegeuka mtaalamu wa mimea, nayo ikapigwa chapa Vienna mwaka 1815 pasipo idhini yake. Matyi, mwana wa mjane, aliwapeleka bukini wa mama yake gulioni. Kabaila Döbrögi akawataka kwa nusu ya thamani, na kijana alipokataa akanyang'anywa wote, kisha akachapwa viboko. Akaapa kumlipa mara tatu, akashika njia kwenda ughaibuni kujifunza lugha na kazi za watu.

Aliyefukuzwa kwa sura yake mwenyewe alikaribishwa kwa taadhima aliporudi kwa sura ya mgeni. Kwanza alijidai seremala wa Kitaliani, akamwongoza kabaila msituni kuchagua miti ya kujengea, akamtaka akumbatie shina ili lipimwe, na mikono ilipokwisha kuzunguka akaifunga akamchapa. Mara ya pili alikuja kwa jina la tabibu, akawatawanya watumishi wakachume mitishamba, akabaki na mgonjwa wake faraghani. Mara ya tatu alimwajiri mpanda farasi ajinadi kuwa ndiye Matyi, na walinzi walipomkimbilia huyo, deni likamalizwa.

Kisa cha namna hii kina umri mkubwa kuliko Hungaria: kibao cha udongo cha mwaka 701 kabla ya Kristo, kilichofukuliwa Sultantepe katika Uturuki, kinamsimulia maskini wa Nippur aliyedhulumiwa kwa ajili ya mbuzi, akamlipa liwali kipigo mara tatu, na hila ya utabibu imo.

Mwaka 1945 gazeti la mzaha la kila wiki lilianzishwa Budapest kwa jina la Ludas Matyi, likadumu hata mwaka 1992. Na mwaka 1950 hikaya hiyo ikatolewa katika filamu ndefu ya kwanza ya Hungaria iliyopigwa yote kwa rangi. Dola ya Hungaria ya wakati huo, iliyojinadi kuwa ya wanyonge, ikamfanya mchunga bukini kuwa mtu wake, na jina la aliyefukuzwa gulioni likatamkwa kwa sifa na wenye mamlaka.