Malungu na Minara: Namna Mbili za Kuondoka kwa Teknolojia Ufipa

Katika nyanda za juu za Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma kwa malungu, yaani matanuri marefu ya udongo yaliyopita kimo cha mtu na kuvuta hewa yenyewe bila mivukuto. Majembe ya kiwandani yaliyoletwa na biashara ya kikoloni yaliyazima malungu hayo, lakini yaliyazima polepole, kwa kuwa mhunzi aliyeacha kuyeyusha mawe aliendelea kufua vyuma chakavu, na mkulima mwenye jembe la zamani hakuzuiwa na mtu kulilimia.

Televisheni ya analojia, ambayo kila kituo chake huhitaji masafa yake peke yake, haikuondoka hivyo. Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vya televisheni mwaka 1994, miaka ishirini hivi baada ya Zanzibar, na makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006 yaliweka 17 Juni 2015 kuwa ukomo wa mfumo huo. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) haikungoja: usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya Dar es Salaam ilizimwa, zikafuata Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha na Moshi, kisha Mbeya mwezi Aprili 2013. Mwenye televisheni ya chogo, ile yenye mgongo mnene, aliweza kubaki nayo iwapo tu angenunua king'amuzi, kifaa kinachoifasiria seti ya zamani mawimbi ya dijitali, na ambacho jina lake, lililotokana na kitenzi kung'amua, ni istilahi iliyobuniwa kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo, haikuwa haki kwamba gharama ya uamuzi wa Serikali na kampuni za kurusha matangazo ilimwangukia mtazamaji, ambaye seti yake haikuwa na kasoro yoyote.

Sumbawanga, mji mkuu wa Ufipa, haikuwamo katika orodha hiyo ya kwanza, kwa sababu analojia ilizimwa pale tu ambapo minara ya dijitali ilikwisha kusimikwa, na minara ilianza kwenye miji mikubwa. Amri hiyo pia ilihusu minara ya ardhini pekee, hivyo nyumba iliyopokea picha kwa dishi la satelaiti haikuguswa, si Dar es Salaam wala Ufipa, ambako hata umeme wa kuwashia seti ulikuwa ukinunuliwa Zambia kwa kuwa gridi ya Taifa ilikuwa haijafika.