Namba tasa itakayofikisha ukomo saa za kompyuta mwaka 2038

JUMANNE ya Januari 19, 2038, saa 12:14 asubuhi na sekunde saba, jua likikaribia kuchomoza baharini, wakazi wa Tanga hawataona lolote la ajabu. Lakini ndani ya kompyuta ambazo hazitakuwa zimerekebishwa, hesabu ya wakati itakuwa imefika ukomo wake katika 2,147,483,647, ambayo ni namba tasa.

Namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko moja na ambayo haina vigawo vingine ila moja na yenyewe, kama 2, 3, 5 na 7. Hii yenye tarakimu kumi hupatikana kwa kuchukua 2 kwa kipeo cha 31, kisha kutoa moja. Namba tasa za aina hiyo huitwa za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne, aliyeitaja hii katika orodha yake ya mwaka 1644. Ni lazima kipeo nacho kiwe namba tasa, ingawa hilo pekee halitoshi: kipeo cha 11 huleta 2,047, ambayo ni 23 mara 89.

Uthibitisho ulitolewa mwaka 1772 na Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, wakati huo akiwa karibu kipofu kabisa. Kwa njia ya kawaida angelazimika kugawanya kwa kila namba tasa isiyozidi 46,340, nazo ni maelfu. Euler alionyesha kwamba kigawo chochote, kama kipo, kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Zikabaki namba zisizofika 400 za kuchunguzwa, na hakuna hata moja iliyogawanya bila baki.

Namba hiyo huzaa pia namba kamilifu, yaani ile inayolingana na jumla ya vigawo vyake vidogo kuliko yenyewe, kama 6, ambayo ni 1 na 2 na 3. Ikizidishwa kwa 2 kwa kipeo cha 30, hupatikana namba kamilifu ya nane, yenye tarakimu 19.

Katika lugha ya kompyuta, 2,147,483,647 huandikwa kwa moja 31 zilizofuatana. Ndiyo kubwa kuliko zote zinazoenea katika nafasi ya biti 32 pale biti moja inapotengwa kwa alama ya chanya au hasi. Programu nyingi huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, saa 9:00 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Mifumo ya biti 64 imeepukana na tatizo hilo. Wasiwasi upo kwa vifaa vya zamani vinavyoongoza mitambo, vile vinavyofungwa mara moja na kusahauliwa.

Sekunde moja baadaye, hesabu katika vifaa hivyo yaweza kugeuka hasi, na tarehe kurudi Desemba 13, 1901, wakati ambapo reli ya Tanga ilikuwa bado haijafika Moshi.